KITUKUTUKU NA VISHIMO VYAKE VYA MCHANGA

Maelezo kwa wakulima, wenye nyumba na walimu wa Isevya na vijiji vya Tabora

1. Mdudu tunayemwona bila kumjua

Atembeaye Isevya wakati wa kiangazi, baina ya mwezi wa Mei na mwezi wa Oktoba, hakosi kuona vishimo vidogo vidogo katika mchanga mkavu. Vimo upenuni mwa nyumba, chini ya miembe, kando ya kuta za udongo, na ndani ya vibanda vilivyoachwa. Kila kishimo ni cha mviringo, kipana juu na chembamba chini, mfano wa faneli ya kutilia mafuta ya taa. Watoto wote wavijua. Huchukua unyasi wakachokoa chini, mchanga ukaruka, wakacheka. Lakini ukimwuliza mtu mzima, "Ni nani aliyechimba vishimo hivi, naye ana kazi gani?" mara nyingi atajibu, "Ni wadudu tu."

Jibu hilo halimtoshi mkulima. Mwenye shamba na mwenye nyumba yampasa kuwajua wadudu wake kama awajuavyo mbuzi wake, maana wako waharibifu, wako wasaidizi, na wako wasiodhuru wala kusaidia sana. Asiyeweza kuwapambanua huweza kutupa fedha yake kwa kununua dawa ya kumwua mdudu asiye na hatia, huku adui wa kweli akikaa hatua mbili tu kutoka hapo. Na katika habari hii ya vishimo adui wa kweli yupo, nasi tutamtaja mahali pake.

2. Jina lake na jamaa zake

Mchimbaji wa vishimo hivi ni kitukutuku. Wataalamu humwita Myrmeleon, jina lililotungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, maana yake "simba wa sisimizi". Aliyempa jina hilo kitabuni mwaka 1767 ni Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, yule aliyepanga majina ya mimea na wanyama wa dunia yote. Lugha nyingi za Ulaya zamwita simba wa sisimizi hata leo. Jina hilo lamfaa, kwa kuwa hula nyama tupu, na sisimizi ndio kitoweo chake cha kila siku.

Jamaa ya vitukutuku ni kubwa. Ulimwenguni kote zimehesabiwa aina zipatazo 2,000, na nyingi kati yake hukaa katika nchi za joto na ukavu. Wala si wote wachimbao vishimo. Aina nyingi hujifukia tu mchangani au hukaa katika vumbi la mashimo ya miti, zikingoja windo lipite karibu. Hao tunaowaona kwa vishimo vyao ni sehemu ndogo ya jamaa nzima, ila ndio wajulikanao zaidi kwa sababu kazi yao ni ya waziwazi.

Tena jambo la ajabu ni hili: wako nzi fulani ambao watoto wao nao huchimba vishimo vya namna hii hii. Hao si ndugu za kitukutuku hata kidogo. Wamefika kwenye ufundi ule ule kwa njia yao wenyewe, kama vile mvuvi wa Ziwa Tanganyika na mvuvi wa bahari kuu wawezavyo kusuka nyavu zifananazo pasipo kufundishana.

3. Umbo lake

Ukitaka kumwona, chota kishimo pamoja na mchanga wa chini yake kwa kijiko au kwa kigae, ukautandaze mchanga huo juu ya karatasi. Ngoja kidogo. Mwanzoni hutaona kitu, kwa maana kitukutuku akishikwa hujifanya mfu; hulala kimya kwa muda mrefu, na rangi yake ni ile ile ya mchanga. Baadaye utaona kijidonge cha kijivu kikijongea kinyumenyume.

Mkubwa wao hupata urefu wa sentimita moja na zaidi kidogo. Tumbo lake ni nene, limejaa manyoya mafupi yaelekeayo mbele, ambayo humshika mchangani asivutwe nje na windo lenye nguvu. Kichwa ni bapa kama sepeto. Mbele ya kichwa kuna meno mawili marefu yaliyopinda kama mundu, nayo yana miiba upande wa ndani. Meno hayo si ya kutafunia. Kila moja lina mfereji mwembamba ndani yake, na kwa mfereji huo kitukutuku hutia sumu katika mwili wa windo, kisha hufyonza maji yake. Sumu hiyo yamlegeza sisimizi upesi, lakini mtu haimdhuru.

Miguu anayo sita, kama wadudu wote, lakini mchimbaji wa vishimo hawezi kwenda mbele. Mwendo wake wote ni wa kurudi nyuma, akisukuma mchanga kwa ncha ya tumbo. Njia zake twaziona mara nyingi asubuhi: mistari iliyopindapinda juu ya vumbi, kana kwamba mtoto amechora kwa kidole.

4. Jinsi achimbavyo

Kwanza hutafuta mahali pakavu, penye mchanga laini, pasipofikiwa na mvua wala jua kali. Ndiyo sababu hupenda upenu wa nyumba, mizizi ya miti mikubwa na chini ya majabali. Hapo huanza kwa kuzunguka kinyumenyume, akichora duara. Kila apigapo hatua chache hurusha mchanga nje kwa kichwa chake, kwa mshtuko wa shingo. Akimaliza duara la kwanza huingia ndani kidogo na kuchora la pili, kisha la tatu, hata afike katikati. Punje kubwa hutupwa mbali. Punje nyembamba hubaki zikawa ukuta wa kishimo. Mwishowe hujifukia chini kabisa, meno tu yakiwa wazi, nayo yamefunguliwa tayari.

Kishimo cha kitukutuku mdogo chaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu, na cha mkubwa hufikia sentimita tano hivi. Hukijenga kwa muda mfupi, na mtu akikivunja hukijenga tena. Lakini kila ujenzi una gharama yake: nguvu aliyoitumia kuchimba haitamsaidia kukua. Kwa hiyo asiyepata windo mahali fulani huhama polepole akajaribu penginepo.

5. Siri ya mtego

Watu wengi hudhani kwamba sisimizi huanguka kishimoni kwa upofu, na kwamba hiyo ndiyo habari yote. Sivyo. Siri ni mwinamo wa ukuta. Chukua mtama mkavu uumwage taratibu chini. Fungu litaongezeka urefu, kisha litafika mahali ambapo punje zaanza kuporomoka pembeni. Ukizidi kumwaga, fungu laongezeka upana, lakini mwinamo wake haubadiliki. Kila kitu cha punje kavu, kama mtama, mpunga au mchanga, kina mwinamo wake wa mwisho, ambao kikiupita hakina budi kuporomoka.

Kitukutuku hujenga ukuta wake karibu na mwinamo huo wa mwisho. Ukuta wasimama maadamu haukuguswa. Lakini sisimizi akiweka mguu juu yake, uzito wake mdogo watosha kuuporomosha. Akipanda hatua moja, mchanga humshusha hatua moja. Naye kitukutuku, aliyefukiwa chini asione kitu, hupata habari kwa mtikisiko wa mchanga unaofika kwenye manyoya ya mwili wake. Hapo huanza kurusha mchanga juu kwa kichwa. Mchanga huo humpiga sisimizi, tena huondoa punje za chini, hata zile za juu zikaja kwa kasi zaidi. Sisimizi hufika chini, meno hufungwa, naye huvutwa ndani ya mchanga.

Si kila windo hukamatwa. Mwaka 1836 Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alikaa ukingoni mwa kishimo cha namna hii huko Australia. Aliona nzi akianguka na kutoweka mara moja. Kisha akaja sisimizi mkubwa, akapigana sana na mchanga uliorushwa, akaokoka. Tena kishimo kile kilikuwa kidogo kuliko vile vya Ulaya, lakini ufundi ulikuwa ule ule, nalo jambo hilo lilimfikirisha sana. Nawe waweza kuliona hapa Isevya bila kupanda meli, ukiketi kimya kwa robo saa chini ya mwembe.

6. Chakula chake

Chakula chake kikubwa ni sisimizi, lakini hakatai mdudu yeyote mdogo atembeaye chini: mchwa aliyepotea njia, buibui mchanga, kiwavi mdogo, kumbikumbi aliyekwisha kupoteza mabawa. Baada ya kuwafyonza hurusha maganda nje. Ukiona ukingoni mwa kishimo miili mikavu na myepesi ya sisimizi, ujue kwamba mwenyeji yupo na anakula vizuri.

Siku za njaa huvumilia sana. Aweza kukaa majuma mengi, hata miezi, bila kuonja kitu, akipunguza mwendo wake tu. Ndiyo faida ya kuwinda kwa mtego: mwindaji wa mtego hatumii nguvu nyingi kama amfukuzaye mnyama mbio.

Tena tumbo lake halina njia ya kutoa kinyesi. Maadamu yu mchanga, mabaki ya chakula hukusanyika ndani ya mwili wake, wala hayatoki mpaka siku atakapokuwa mdudu kamili mwenye mabawa. Kwa kuwa hufyonza maji matupu na kuacha maganda, mabaki hayo ni machache, wala hayamdhuru.

7. Kutoka yai hadi mabawa

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kitukutuku wa kishimoni ni mtoto, si mzima. Maisha yake ni ya hali nne, kama ya kipepeo.

Ya kwanza ni yai. Mama hutua usiku juu ya mchanga mkavu, akaupapasa kwa ncha ya tumbo, akataga yai moja moja ndani yake.

Ya pili ni huyu mchimbaji. Huambua ngozi mara mbili katika kukua kwake, na kila mara kishimo chake huongezeka upana. Muda wa hali hii hautabiriki. Wategemea chakula na joto. Aliyeshiba hukua upesi, aliyekosa hukawia. Katika nchi za baridi huweza kupita miaka miwili au mitatu.

Ya tatu ni hali ya usingizi, ambayo wataalamu huiita pupa. Akiwa amekomaa, mchimbaji huacha kuwinda, hushuka mchangani, akajifumia kifuko cha hariri. Hariri hiyo haitoki kinywani, kama ile ya nondo, bali hutoka mwisho wa tumbo. Punje za mchanga hushikamana nayo, hata kifuko kikawa kama gololi ya udongo. Humo hukaa yapata mwezi mmoja, na mwili wake wote hugeuzwa.

Ya nne ni mdudu mwenye mabawa. Hutoka kifukoni, akapanda juu ya unyasi au ukuta, akanyosha mabawa manne mepesi yenye mishipa mingi kama wavu. Wengi humwona akizunguka taa usiku, wakadhani ni kereng'ende. Lakini waweza kuwatofautisha hivi: kereng'ende huruka mchana kwa nguvu, na vipapasio vya kichwani mwake ni vifupi mno hata havionekani upesi. Kitukutuku mzima huruka usiku kwa ulegevu. Vipapasio vyake huonekana wazi, navyo ni vinene nchani. Akitua, mabawa yake huyalaza juu ya mwili kama paa la nyumba. Tena mtoto wa kereng'ende hukaa majini, na mtoto wa kitukutuku hukaa mchanga mkavu.

Zimo pia katika nchi zetu aina kubwa zenye mabawa ya mabaka, ambayo ukiyapima kutoka ncha hadi ncha yapita sentimita kumi. Watoto wa hao hawachimbi vishimo. Huzunguka chini ya mchanga.

Mdudu mzima haishi siku nyingi, ni majuma machache tu. Hutafuta mwenzake, hutaga, hufa. Hivyo sehemu kubwa ya maisha ya kitukutuku ni ile ya kishimoni.

8. Je, ni rafiki au adui wa mkulima?

Tujibu kwa haki. Kitukutuku hali mbegu, hali mizizi, hali majani, wala hatoboi nguzo ya nyumba. Akionekana pembeni mwa kitalu cha tumbaku au uwanjani panapoanikwa karanga, hana madhara. Mtu asinunue dawa kwa ajili yake. Tena kuimwaga dawa ya shambani upenuni, mahali wanapocheza watoto na kudonoa kuku, ni kuleta sumu nyumbani bila sababu.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Hula mchwa mmoja mmoja. Hawezi kumaliza kichuguu. Hula sisimizi, lakini sisimizi wa Isevya ni wengi kuliko vishimo vyote, na siafu wakipita kwa jeshi hukifukia kishimo wakaenda zao. Mtu mwenye mchwa katika nguzo zake asingoje msaada wa kitukutuku; na ashughulike mwenyewe kuziangalia nguzo, kuondoa njia za udongo na kuchagua mti mgumu.

Basi kitukutuku ni jirani mwema asiye na nguvu nyingi. Faida yake kubwa kwetu ni ya namna nyingine: hutuonyesha alama. Hujenga tu penye vumbi kavu, laini, lisilokanyagwa wala kunyunyiziwa maji. Na vumbi la namna hiyo, likiwa ndani ya nyumba, lina wapangaji wengine.

9. Wapangaji wengine wa vumbi

Tabora ni mji wa njia. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi wa Novemba 1857, walikuta mji wa biashara uliokwisha kukaa Waarabu, wapagazi na mizigo. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, maelfu ya watu walilala katika kambi na vibanda vya njia hiyo, kutoka pwani hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Miembe tunayoionea fahari yakumbusha njia hiyo. Lakini misafara haikuchukua pembe na vitambaa tu. Ilichukua na wadudu.

Wa kwanza ni funza. Huyu hakuwa mdudu wa Afrika. Asili yake ni Marekani ya Kusini, naye alifika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili. Mwaka huo huo Livingstone na Stanley walikaa pamoja katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, wala huku funza alikuwa hajajulikana. Lakini alipanda miguuni mwa wapagazi na askari, akavuka bara zima kwa njia zao, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika pwani ya mashariki.

Funza jike huingia katika ngozi ya mguu, hasa karibu na kucha, akavimba kama punje ya njegere kwa wingi wa mayai. Mayai huanguka chini, na watoto wake hukua katika vumbi kavu la sakafu na la uani. Kwa muda wa wiki tatu au nne hivi huwa funza wazima, tayari kuingia miguuni. Mbwa, nguruwe na panya huwabeba pia. Mtoto mwenye funza wengi hawezi kutembea wala kwenda shule, na kidonda chake huweza kuingiwa na pepopunda, ugonjwa unaoua.

Wa pili ni papasi, kupe laini wa nyumba za udongo. Mchana hujificha katika nyufa na vumbi la sakafu. Usiku hutoka akanyonya damu ya waliolala, kisha hurudi mafichoni kabla ya kucha. Aweza kuishi miaka kadhaa bila chakula, na kwa hiyo kibanda kilichoachwa si salama kwa sababu tu hakina watu. Mwaka 1905 daktari Robert Koch alichunguza papasi wa vibanda vya njia za misafara katika nchi hii, akaona vijidudu vya homa ndani ya papasi na hata ndani ya mayai yao, yaani mama huwarithisha watoto wake ugonjwa. Mwaka huo huo daktari Dutton wa Uingereza, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa uo huo, alifariki kwa homa hiyo huko Kasongo, Kongo ya mashariki, mji mwingine wa misafara. Kijidudu hicho chaitwa kwa jina lake hata leo. Homa ya papasi huja kwa nguvu, hupoa baada ya siku chache, kisha hurudi; nayo ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga.

Basi msomaji atambue. Kitukutuku hamleti funza, wala hamleti papasi; wala asidhani mtu kwamba vishimo vitawamaliza. Mtego wa kitukutuku hukamata watembeao juu ya mchanga na kuanguka. Watoto wa funza hukaa ndani ya vumbi, na papasi hukaa ufani. Lakini wote watatu hupenda ukavu na utulivu ule ule. Vishimo vikionekana nje upenuni, si kitu. Vikionekana chumbani mwa kulala, sakafu hiyo yaomba kutengenezwa.

10. Kazi ya kufanya nyumbani

Ya kwanza, sakafu. Iliyo ya udongo na ipigwe mpaka iwe ngumu, kisha ipakwe udongo mzuri, na kurudiwa kila ionekanapo kuanza kumumunyuka. Mwenye uwezo na aweke saruji. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji, vumbi lisiruke wala kurudi pembeni.

Ya pili, kuta. Zibeni nyufa zote kwa udongo laini, hasa zile za chini na za karibu na kitanda. Kitanda kisigusane na ukuta, na watoto wasilale chini.

Ya tatu, wanyama. Mbuzi, mbwa na kuku wawe na banda lao, wasilale chumbani na watu. Panya wapigwe vita.

Ya nne, miguu. Watoto wavae viatu wawezapo, na kila jioni waoshwe miguu na kutazamwa. Funza asitolewe kwa mwiba wala kwa pini ya watu wote. Hiyo ni njia ya kupitishiana magonjwa. Aliye na funza wengi, au mwenye kidonda, na apelekwe zahanati. Kadhalika mwenye homa iendayo na kurudi asikae nyumbani akingoja. Aende akapimwe damu, na amwambie mganga kwamba amelala katika nyumba ya papasi, kwa kuwa homa hii hudhaniwa kuwa malaria.

11. Somo kwa shule

Mwalimu aweza kuwafundisha watoto mengi kwa gharama ya bati tupu. Jaza mabati matatu: la kwanza mchanga laini uliochekechwa, la pili changarawe, la tatu mchanga laini uliotiwa maji. Weka kitukutuku mmoja katika kila bati, uyafiche mvuani. Kesho yake watoto wapime kwa rula ni nani aliyechimba, na kishimo chake kina upana gani. Kisha yule wa mchanga wa maji na ahamishiwe penye mchanga mkavu, watoto waone afanyavyo.

Tena wampe mmoja sisimizi kila siku, na mwingine mara moja kwa juma, wakaandike daftarini tofauti ya kukua kwao. Hivyo watajifunza kutazama kabla ya kusema, kupima kabla ya kuamini, na kulinganisha kitu kimoja na kingine pasipo kubadili mambo mawili kwa mara moja. Mtoto aliyezoea desturi hiyo kwa kitukutuku ataitumia baadaye kwa mbegu na mbolea. Somo likiisha, wadudu warudishwe mahali walipotolewa.

12. Mambo ya kukumbuka

(a) Vishimo vya faneli katika mchanga mkavu ni mitego ya kitukutuku, mtoto wa mdudu wa usiku mwenye mabawa manne.

(b) Hula sisimizi na wadudu wengine wadogo. Hadhuru mmea, mtu wala mnyama wa kufugwa.

(c) Usimwage dawa ya sumu kwa ajili yake. Wala usimtumaini kumaliza mchwa au funza.

(d) Vishimo ndani ya chumba cha kulala ni alama ya vumbi kavu. Tengeneza sakafu na kuziba nyufa kabla funza na papasi hawajakaa.

(e) Kazi hii yafaa ifanywe mwanzo wa kiangazi, mvua zikiisha tu, wakati udongo ungali na unyevu wa kupigika na kupakika. Angojaye mpaka Septemba atachota maji ya mbali, na sakafu yake itakuwa imekwisha kuwa unga.